Chuo cha Kwenye Kalenda

Chuoni, mlimani
9 Februari

Mpwa wangu Spana,

Kaa kwanza. Umekaa? Haya.

Duniani kuna watu wa bahati, halafu kuna mjomba wako. Mimi Wembe, kinyozi niliyeikimbia shule kidato cha pili kwa sababu ya hesabu na fimbo, leo ninaamka ndani ya picha. Si mfano, ni picha kweli. Ile kalenda iliyokaa pembeni ya kioo saluni mpaka mwaka wake ukachacha, nami nikakataa kuitoa, ndimo ninamoishi. Jengo jeupe lenye paa jekundu lipo. Majani yaliyokatwa sawasawa kama kichwa cha bwana harusi yapo. Ziwa lipo, na halijapakwa rangi, nimelionja.

Na bahati yenyewe si ziwa. Bahati ni watu! Hapa sipati hata nafasi ya kujikuna peke yangu. Chumba changu kina vitanda viwili, lakini ukifungua mlango utadhani ni saluni yetu Jumamosi jioni. Mmoja kakaa dirishani, wawili juu ya kitanda changu na viatu vyao, mwingine yuko sakafuni anasubiri zamu ya kunyolewa na hataki kunyolewa, anataka maneno tu. Wananiita Mjomba, chuo kizima. Nimepata wapwa wengi mpaka nina wasiwasi kwamba utaona wivu.

Sasa nikuchekeshe. Unajua wenye akili huchagua chuo kwa masomo. Mimi nilichagua kwa ziwa. Kwenye fomu, palipouliza kozi, nilitia alama kwenye ile ya juu kabisa, nikisema ya juu ndiyo ya wakubwa. Siku ya kufika, mama wa mapokezi akatazama karatasi yangu akaniambia, "Karibu kwenye misitu."

Nikamwambia, "Asante mama, lakini mimi nimekuja chuoni."

Akasema, "Ndiyo, baba. Hiki ni chuo cha misitu."

Nikageuka nikatazama nje. Miti. Miti kushoto, miti kulia, miti mpaka juu mlimani. Na kwenye kalenda ilikuwepo hiyohiyo, Spana! Miaka yote nilidhani ni mapambo.

Basi nasomea misitu. Usicheke. Mti nao una nywele, una mba, una kuota vibaya upande mmoja. Mwalimu alipotuonyesha namna ya kupunguza matawi nilitaka kumuuliza kama atapaka na poda.

Usinipigie, simu yangu imezama. Tulikuwa kwenye gati dogo la mbao, mimi na wenzangu, tunajipiga picha, mmoja akanigonga bega kwa utani, simu ikaruka kama chura. Tulicheka mpaka machozi. Kwa hiyo tutaandikiana kama wapenzi wa zamani.

Msalimie mama yako. Msalimie Kimya, kinyozi mwenzangu, mwambie kiti changu akifute, asikikalie. Nawe niambie umeamua nini. Umemaliza shule, mikono yako inafungua kila kitu, usije ukakaa nyumbani ukifungua redio za majirani mpaka uolewe na redio.

Mimi mjomba wako mwenye bahati,
Wembe


Nyumbani
20 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisoma kwa sauti saluni. Watu walicheka sana pale kwenye poda. Kimya naye alicheka, au alikohoa, kwa Kimya huwezi kujua. Wateja wanasema tangu uondoke wananyolewa vizuri lakini wanatoka na habari zilezile walizoingia nazo. Kiti chako anakifuta kila asubuhi. Hakikalii.

Uliuliza nimeamua nini. Bado. Nilienda kukiona kile chuo cha ufundi nyuma ya magereji, kinachofundisha kutengeneza mashine za hospitali. Mjomba, ni kibaya. Sisemi kibaya cha kuonewa huruma, nasema kibaya. Hakuna mti hata mmoja. Ua wote ni mweusi kwa oili inayovuja kutoka gereji za jirani. Darasa ni bati juu na bati ubavuni, na mwalimu alisema mvua ikinyesha hafundishi kwa mdomo, anaandika, maana hakuna anayesikia kitu. Geti limefungwa kwa mnyororo wa baiskeli.

Lakini ndani kulikuwa na mashine ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Ilikuwa imefunguliwa mezani, matumbo yote nje. Mwalimu ni mama mmoja ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliniona nimekodoa macho, akanipa bisibisi bila kuniuliza jina. Akasema, "Itazame, uniambie inaumwa nini." Nilikaa nayo mpaka walipokuja kufunga geti. Ni mpira wa ndani tu, ulikuwa umepasuka mahali usipoweza kupaona. Nilipaona.

Mama anasema nikasome hapo. Mimi sijui. Wewe unajua nilivyo, sijui kuanza maneno na mtu. Nilipokuwa na wewe saluni ulikuwa unaniazima ya kwako. Niliwaangalia wanafunzi wa pale wakati wa mapumziko, wamesimama kwenye kivuli cha tanki la maji wanasukumana, nikajiona nimesimama upande wa jua peke yangu mwaka mzima.

Kwa hiyo nimefanya kitu, usimwambie mama. Nimeomba na chuo chako pia. Sikutia alama ya juu kabisa, nimesoma kwanza. Ni misitu ileile.

Niambie zaidi kuhusu wenzako. Majina yao, wanavyoongea. Nataka nikifika niwe kama ninawajua.

Mpwa wako,
Spana


Chuoni, mlimani
2 Machi

Spana wangu,

Umeomba huku! Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hicho chuo chako cha mnyororo wa baiskeli wacha kitembee.

Unataka kuwajua wenzangu? Shika kalamu. Wa kwanza ni Redio. Huyu hanyamazi. Anaanza asubuhi kabla sijavaa soksi, habari za dunia, za mpira, za ndoa za watu, mpaka unatamani kumtoa betri. Wa pili tunamwita Mzee wa Ndoto, yeye akikaa tu mahali pazuri anasinzia, umwamshe umuulize alikuwa wapi, atakwambia alikuwa kwao, anaongea na watu wake. Wa tatu ni Mrefu, mpole, hana maneno mengi, lakini ukimwegemea hakusukumi. Hao ndio wangu wa karibu, wengine ni umati.

Na mkuu wa chuo, usimwambie mtu, nimemnyoa. Aliniita ofisini kwake. Kichwa chake kina bonde katikati na nywele ngumu kama brashi ya viatu. Nikamnyoa mtindo wa kiwaziri. Akajitazama, akasema, "Mjomba, ulikuwa wapi siku zote?"

Sasa mazingira. Hapo ndipo kalenda ilipotudanganya, maana ilionyesha kidogo. Asubuhi ukungu unalala juu ya ziwa kama kitambaa cheupe, halafu jua linaukunja polepole kuanzia upande wa mlima. Kuna ndege mweupe, mwembamba, anasimama kwenye jiwe moja karibu na gati. Ni jiwe hilohilo kila siku. Akija mwingine anainua bawa moja tu, mwenzake anaelewa anaondoka. Kuna weusi wadogo wanaozama, wewe unakaa unakisia watatokea wapi, unakosea kila mara. Saa ya chakula cha mchana kivuli cha maktaba kinakuwa ukingoni mwa bustani, ukimaliza kula kimefika kwenye benchi la mwisho, lile la mawe, na hapo ndipo pazuri kukaa kwa sababu jua halikufikii mpaka kengele ya jioni. Kuna kigogota mmoja anagonga mti nyuma ya bweni. Anagonga, ananyamaza, anasikiliza kama kuna wa kumjibu, anagonga tena.

Watu wanasema chuo ni masomo. Uniulize mimi niliyenyoa wasomi. Msomi aliyesomea pabaya utamjua, ana makunyanzi hapa katikati ya macho. Mtu akae pazuri, akili itamfuata.

Njoo. Nitakushikia nafasi kwenye benchi.

Mjomba wako anayependwa na chuo kizima,
Wembe


Nyumbani
11 Machi

Mdogo wangu Wembe,

Sijakuandikia tangu uondoke kwa sababu nina nguo za watu na cherehani haishoni yenyewe. Leo nimeizima ili nikuandikie, kwa hiyo soma taratibu, usirukeruke.

Mtoto amejibiwa na vyuo vyote viwili. Ndiyo, najua kwamba aliomba na huko, mimi ndiye niliyemzaa. Anatakiwa athibitishe kimoja kabla mwezi haujaisha, na akiiacha nafasi ya hapa haipati tena, maana wanaosubiri nyuma yake wamejaa. Ile kalenda yako ameitoa saluni akaibandika juu ya kitanda chake. Kimya alimpa bila neno, unamjua.

Mimi sina shida na uzuri. Ningekuwa sipendi uzuri nisingeshona. Lakini wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na wewe mwenyewe umekiri kwamba huko ndani ni miti mitupu. Juzi zahanati waliniletea mapazia niyatie pindo, mtoto akanisindikiza kuyarudisha. Akakuta mashine yao ya kupimia presha imekufa. Aliiuliza maswali kwa vidole. Tulitoka inafanya kazi, na njia nzima alikuwa anaongea, Wembe. Huyu mtoto asiyeongea, aliongea mpaka tukapita nyumba yetu. Sasa aende akapime unene wa miti?

Jambo la pili. Nimezisoma barua zako zote mbili. Mrefu, sijui Redio, sijui nani. Katika barua zako kuna ndege wengi kuliko watu. Ndege umewataja mpaka na mawe wanayokalia, lakini watu wako hawana hata shati.

Sikutukani. Nakuuliza kama dada yako. Anakuja huko kwa sababu anaamini ataingia kwenye kundi lako na hatakuwa mpweke. Kama ni kweli, niambie mara moja tu, nitamkatia suruali mbili za kazi na nitamfungia mizigo kwa mikono yangu. Nitakuamini. Neno lako nitalichukua.

Dada yako


Chuoni, mlimani
18 Machi

Dada,

Ni kweli. Mkatie suruali.

Mrefu anavaa shati la bluu.

Ndugu yako,
Wembe


Nyumbani
23 Machi

Shikamoo mjomba,

Suruali tayari! Moja ya kijani ili nifanane na huko. Mama ameshona mifuko mikubwa kwa ajili ya kamba ya kupimia. Anashona huku amenuna, lakini mishono imenyooka.

Jumatatu nathibitisha. Hapo hapo nitaenda kumwambia mwalimu wa miwani ya uzi kwamba wampe nafasi yangu mwingine. Naogopa kidogo kumwambia. Wiki iliyopita nilipita akaniambia ameniwekea mashine nyingine, ya dawa za mshipani, amekataza watu wasiiguse mpaka nianze. Nilisema asante nikaondoka haraka. Nitaandika kwenye karatasi nimpe mlinzi.

Mashine mtu anaweza kujifunza popote, si ndiyo mjomba? Hata huko kutakuwa na za kukatia majani.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mama. Tangu uondoke sina wa kuongea naye. Jioni naenda saluni, namsaidia Kimya kufagia, halafu nakaa kwenye kiti chako. Usikasirike, naweka gazeti kwanza. Nakitazama kioo nasubiri utokee nyuma yangu useme, "Haya dada, tukate kidogo au tuharibu kabisa?" Halafu natazama ile alama nyeupe ukutani ilipokuwa kalenda, nasema, basi, kumbe yupo pale, anacheka na wenzake, na nafasi yangu kwenye benchi ipo.

Mwambie Redio asinisemeshe sana siku ya kwanza. Mwambie Mrefu nitakaa upande wake.

Mpwa wako, karibu mwanafunzi mwenzako,
Spana


Chuoni, mlimani
Jumapili, 28 Machi

Spana mwanangu,

Barua hii siiposti. Posta haitawahi Jumatatu. Naiandika nikiimaliza nikupigie nikusomee, neno kwa neno, maana nikiongea bila karatasi najijua, nitaleta utani katikati na utaondoka umecheka bila kuambiwa kitu.

Umeshasikia, nimesema nikupigie. Simu haikuzama. Iko hapa mezani. Tangu wiki ya kwanza ilikuwa ndani ya begi, nimeizima, nimeivingirishia kile kitambaa cha kufunga wateja shingoni. Niliizima kwa sababu unanijua sauti. Na hata kama ningeibana sauti, ungesikia nyuma yangu. Ulizoea kunipigia ukasikia mashine, redio, watu wanabishana penalti. Ungeniuliza, "Mjomba, mbona kimya, uko wapi?" Ningejibu nini? Barua haina nyuma. Ndiyo maana nikazipenda barua.

Siku ya kwanza nilikuwa na mwenzangu chumbani, kijana mstaarabu. Alinikunjia hata shuka. Baada ya siku chache akaniambia dirisha linampulizia baridi, akahamia kwa wenzake wa rika lake, chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wangu. Dirisha la kule ni kubwa kuliko la huku. Simlaumu. Nani anataka kulala na baba yake?

Siku ya kwanza bwaloni nilitoa ule utani wangu mkuu, wa mteja aliyesinzia nikamnyoa, akaamka akatazama kioo akaniuliza, "Huyu bwana naye anasubiri zamu?" Ule ambao haujawahi kuniangusha. Walitabasamu. Walitabasamu kama unavyomtabasamia baba wa rafiki yako. Kisha mmoja akainuka akaniletea maji ya kunywa.

Wana adabu, Spana, sijaona. Kila anayenipita, shikamoo. Wananipisha kwenye foleni. Nikitokea, wananiachia kiti. Wakishaniachia kiti, wanakwenda kukaa kwingine. Adabu nayo ni ukuta, umepakwa chokaa vizuri, huna pa kuupigia ngumi.

Nami nimegundua ugonjwa wangu. Maisha yangu yote nimeongea na watu nikiwa nyuma yao. Mkono wangu uko kichwani mwao, macho yetu yanakutana kwenye kioo, na wao hawana pa kwenda, nimewafunga kitambaa shingoni. Hapo mimi ni mfalme. Niweke uso kwa uso na mtu mwenye sahani, mikono yangu haina kazi, sijui niiweke wapi, na maneno nayo hayajui yatokee wapi. Nilidhani nina mdomo. Kumbe nilikuwa na kiti.

Hakuna kichwa nilichonyoa hapa, hata kimoja. Vijana wananyoana wenyewe kwa mashine zao, mistari inapinda kama njia ya mlevi, nami napita nimenyamaza, moyo unavuja damu. Mkuu wa chuo ana upara. Hana unywele wa dawa. Ningemnyoa nini?

Redio ni redio. Iko chumba cha pili, inapita ukutani. Mzee wa Ndoto ni mimi, pale kwenye benchi la mawe. Mrefu ni mti. Uko karibu na gati, gome lake lina rangi ya bluu bluu kwa mbali, kwa hiyo shati sikumdanganya mama yako sana. Tulipofundishwa kupima unene inabidi uukumbatie ili kamba izunguke, nikaukumbatia, na sikuondoka haraka kama wenzangu. Mti hauna mbele wala nyuma. Ukisimama popote, umesimama vizuri.

Ndege ni wa kweli wote. Hapo mama yako alinishika. Ana macho ya sindano yule.

Na uzuri ni wa kweli, hilo naomba uliamini, sikuongeza hata jani. Asubuhi ya leo ziwa lilikuwa limetulia mpaka mlima ukawa mara mbili. Nikasema kwa sauti, "Ebu oneni!" Nikageuka. Nilikuwa nimemwambia nani? Kitu kizuri ukikiona peke yako kinakuwa kama utani usio na wa kuucheka, unabaki nao mdomoni.

Uliposema utakuja, sikuwaza chuo chako, sikuwaza mashine. Niliwaza benchi. Nilijiona nimekaa, na wewe umekaa, nasema ebu ona, unasema naona. Dada aliponiuliza mara moja tu, kwa upole, yeye asiyejua upole, nilimjibu mstari mmoja kwa sababu ningeandika wa pili ningelia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliona itatosha kukufikisha hapa. Ukishafika utanichukia, nikasema, lakini utakuwa umefika.

Halafu ukaandika kuhusu karatasi ya mlinzi. Mashine imewekwa pembeni inakusubiri, watu wamekatazwa kuigusa, nawe unataka kumwachia mlinzi karatasi. Wewe. Uliyepasua mashine yangu ya kunyolea ukiwa na meno ya utoto, nikakukaripia, ukairudisha inanguruma kuliko mpya.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho nenda kathibitishe pale nyuma ya gereji. Usiandike karatasi, ingia ndani. Hutaambiwa uanze maneno, utapewa bisibisi. Wewe si kama mimi. Mimi nilijua watu nikiwa nimewafunga, wewe utawajua mmeinama pamoja juu ya kitu kilichoharibika, na watu walioinama pamoja hawahitaji kuanzishiwa maneno. Yule mama wa miwani hakukuuliza hata jina. Umeshampata wa kwanza.

Na usije kwa kunihurumia. Kuja kwa ajili ya ziwa lingekuwa kosa langu mimi. Kuja kwa ajili yangu litakuwa kosa lako, nalo sitalibeba. Mimi nitamaliza. Miti nimeanza kuipenda, na nina kichwa kigumu, nitajifunza kuongea na mtu mwenye sahani. Kesho nitamwomba yule kijana wa chumba cha pili aje nimnyooshee ule mstari wa nyuma, unaniumiza macho. Akikataa, amekataa.

Jumamosi mwambie Kimya aiweke simu juu ya meza, mbele ya kioo, aiache wazi. Asiseme kitu, si unamjua. Nataka kusikia tu.

Kalenda irudishe ukutani. Ni picha nzuri, na mahali pake ni pale.

Nimekwisha kuiwasha simu. Ukipokea, utasikia kimya nyuma yangu. Usiulize wenzangu wako wapi. Nilikuandikia kwamba hapa sipati nafasi ya kuwa peke yangu. Tangu yule kijana ahame, hakuna mtu aliyeingia humu. Kwenye kitanda cha pili nimepanga viatu.

Sina bahati hiyo. Nilikudanganya.

Mjomba wako,
Wembe